Nafasi ya Yaya Zaina kwenye Mlolongo wa Maji

Bibi yangu anaitwa Mwamini. Alianza kulinda chemchemi yetu kabla mama yangu hajajua kutembea, na mwaka huu nyonga zake zimekataa mteremko. Wasichana wanaochukua kazi yake walimwomba awaeleze anayoyajua. Alikubali, lakini yeye hatoki nyumbani, na wao mchana wako sokoni Kasuku au shuleni. Basi akanigeukia mimi. "Wewe ambaye mbele ya watu mdomo wako unafungwa kama mlango wa depo," alisema, "andika." Anajua kwamba huwa naandika mambo yangu kila siku. Nimeyaandika maneno yake huku akichambua sombe, majani ya muhogo, kwenye mkeka. Kiswahili chake nimekinyoosha kidogo kama tunavyofundishwa shuleni. Mazungumzo ya watu nimeyaacha yalivyo, na "njo" yao ni "ndiyo" au "ndiye". Kuanzia hapa, anayesema "mimi" ni Bibi.

*

Wajukuu wangu, mtu wa mbali ukimwambia kwamba Kindu watu hukosa maji, atakucheka. Atakuonyesha Lualaba, pana namna ile, inapita mbele ya macho yetu haina haraka. Mwambie anywe. Anywe, halafu aje atuambie tumbo lake limesema nini. Mto ni wa mitumbwi, wa samaki, wa kufulia. Maji ya kunywa, maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa, yanatoka Chini. Ndivyo tunavyoiita chemchemi yetu, Chini tu, kwa sababu iko chini ya mteremko, pale nyumba za kartie, mtaa wetu, zinapoisha na miwale inapoanza. Miwale mnaijua, ile mitende ya bondeni tunayokata majani yake ya kuezekea. Ninyi mnafikiri iliota yenyewe. Nitafika huko, msinisukume.

Kazi hii inaonekana ni ya kukaa. Mtu anapita, anaona mwanamke kwenye jiwe, bidoni, madumu yetu ya maji, zimepangwa mbele yake, anasema huyu hana shughuli. Mwacheni apite. Kiangazi kikifika atakuja na bidoni yake na sauti ndogo.

Mimi nilifundishwa na Zaina. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, naye aliniita mudogo wangu. Hatukuwa ndugu wa tumbo. Yeye alifunga Ramadhani, mimi nilifunga Kwaresima, chemchemi haikuuliza. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kilichopanda mteremko kabla yake. Nyumbani ulikuwa unasikia kicheko, unaweka ugali motoni, unajua wanawake wanarudi.

Nilipoolewa katika kartie hii nilitaka kuonekana mke hodari. Asubuhi moja nikawahi Chini peke yangu na jembe na brashi. Nikakwangua jicho la maji, nikatoa udongo wote mweusi, nikatoa majani mabichi yaliyoota kwenye mawe, nikasugua mpaka mawe yakawa meupe. Nikakaa nikingoja sifa. Yaya Zaina alipofika, maji yalikuwa yanatokea pembeni, kwenye matope, mahali ambapo huwezi kukinga hata kikombe. Alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mudogo wangu, umeosha mutoto mpaka umemutoa ngozi."

Siku ile ndiyo nilijua kwamba ule udongo mweusi ndio unaoyaongoza maji. Chuma hakigusi jicho. Majani yaliyoanguka unayatoa kwa mkono, taratibu, kama unavyomtoa mtoto tongo. Tulirudisha udongo kwa viganja, tukaushindilia kwa kisigino, tukangoja. Maji yakarudi njia yake, lakini yaliturudia kwa kinyongo, mvua kadhaa zilipita kabla hayajanisamehe.

Na kaa msiwaue. Najua mnawaogopa, wanatembea upande kama walevi. Siku moja nilimpiga mmoja kwa fimbo, Yaya Zaina akaninyang'anya fimbo.

"Kaa njo mulinzi wa kwanza," aliniambia. "Wewe ni wa pili. Yeye hana usingizi, hana masengenyo, haendi kwenye matanga kula mchele wa watu. Siku ukiona ameondoka, na wewe funga mizigo."

Jua likiwa kichwani, funikeni jicho kwa jani la mgomba, watu wote wapumzike. Atakuja mtu atasema ana haraka. Wote wana haraka. Maji yakichotwa bila kupumua yanashuka chini zaidi kila siku, na mkiyafuata kwa kuchimba, yanashuka tena. Maji ni kama mtu anayejua kukimbia kuliko wewe, usishindane naye. Mngoje nyumbani kwake. Halafu huko juu ya mteremko, mitaro tuliyoichimba kukata njia ya mvua, isafisheni kabla ya msimu. Mvua inayoteremka mbio haituachii kitu. Mvua iliyosimamishwa mtaroni inaingia ardhini, na hiyo ndiyo mtakayokunywa kiangazi. Mchaichai ulio kando ya mitaro si pambo, unashika udongo usibomoke. Chumeni kwa chai, lakini msing'oe.

Sasa mlolongo. Mnajua kwamba kwetu bidoni ina haki kuliko mtu. Ukiweka bidoni yako kwenye mlolongo, nafasi ni yako, hata ukirudi kumnyonyesha mtoto, hata ukienda kutafuta kuni. Aliye nyuma yako anaisogeza, na zamu ikifika anakujazia, anaiweka pembeni. Hakuna anayeruka bidoni ya mtu asiyekuwepo. Matusi tutasamehe. Hilo hapana. Kwa sababu hiyo kila bidoni ina alama yake. Zamani wanawake wawili walipigana hapa mpaka vitambaa vikafunguka, kila mmoja anaivuta bidoni ya njano kwamba ni yake, kumbe ya njano ya pili ilikuwa imesimama nyuma yao inawaangalia. Bidoni ya Yaya Zaina ilikuwa na kitambaa chekundu kwenye mpini, na kifuniko chake kilikuwa gunzi la muhindi. Kifuniko chenyewe kilipotea, akasema gunzi halipotei, ukilipoteza unakula muhindi mwingine.

Mtanisamehe nikitaja vita. Sisi tuliokuwa hapa hatusemi vita vya nani na nani. Tunasema wakati mji ulipofungwa. Mjini askari, msituni watu wengine wenye silaha, na sisi katikati tunatafuta mboga. Mashambani hakuendeki. Robine, mabomba ya mji, zilinyamaza. Watu wa kartie ambazo hazijawahi kutujua wakaanza kuteremka Chini na bidoni zao, mlolongo ukapanda mpaka kwenye nyumba. Maji yalitosha. Kidogo kidogo, lakini yalitosha, kwa kuwa miwale ilikuwa mikubwa, imefungana juu kama paa, na chini yake palikuwa na giza na ubaridi hata saa ya jua kali.

Lile giza ndilo lililotuogopesha. Asubuhi moja binti wa Mama Veronika, jirani yetu, alivutwa mle ndani. Alirudi baadaye akitembea mwenyewe, na ndoo yake mkononi. Alikuwa msichana wa kuimba, hata akifua alikuwa anaimba. Tangu siku ile hatukumsikia tena.

Wanawake tukakaa pale kwenye mawe kuamua. Wengi walisema tukate miwale yote, pawe peupe, tumwone mtu akiwa bado mbali. Yaya Zaina alingoja mpaka wote wamalize.

"Mukikata mutamuona muntu toka mbali, njo kweli," alisema. "Lakini maji hamutayaona tena. Hii miwale njo nguo yake."

Mama Veronika hakunyanyua sauti. "Yaya Zaina, maji ni ya wote. Binti ni wangu."

Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, huyu ambaye sasa ndiye mama wa huyu anayeandika. Nilimwangalia Yaya Zaina. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Basi kateni," alisema. "Mimi sitakata. Lakini siwezi kusimama mbele ya mama."

Tukakata. Nami nilikata, panga langu lilikuwa kali. Hata leo mkiniuliza nani alikuwa na haki, mimi sijui, na msimwamini mtu atakayewaambia anajua. Baada ya hapo hakuna msichana mwingine aliyevutwa Chini. Hilo lilikuwa kweli. Halafu kiangazi kikaingia, na hilo lingine likawa kweli pia. Jua lililala juu ya jicho la maji mchana kutwa. Ule udongo mweusi ukapasuka kama kisigino. Uzi wa maji ukawa mwembamba, ukawa matone, ukawa unyevu ambao unaweza kuugusa lakini huwezi kuunywa. Kaa waliondoka. Tukaanza kuteremka mtoni, na kule ukingoni askari wengine walikuwa wanachukua bidoni kwanza na kuuliza baadaye. Watoto wakaanza kuhara. Tulizika wengi, wengine bila sanda.

Yaya Zaina hakutuambia hata siku moja kwamba alituonya. Angesema, tungemjibu, tungegombana, uchungu ungepungua. Hakusema.

Alichosema ni kwamba kuna bonde lingine, ng'ambo ya kizuizi cha mwisho cha askari, lenye miwale ya zamani, na chini ya miwale ya zamani huwa kuna miche. "Tutaleta watoto wake tuwalee hapa," alisema, kama vile ni habari ya kwenda kumtembelea shangazi. Nilitaka kwenda naye.

"Na huyu mugongoni? Akilia kule tutasema nini?"

"Nitamunyonyesha."

"Mudogo wangu, wewe ukiogopa maziwa yako yanakauka. Baki."

Ilikuwa asubuhi. Wakati ule tulikuwa bado tunaweka bidoni Chini, kwa ajili ya ule unyevu, tunakinga kwa kipande cha kibuyu, mtu anapata kikombe kisha anamwachia mwenzake. Yaya Zaina aliweka bidoni yake mbele ya zote, juu ya jiwe bapa lililo karibu na jicho. Akafunga kikapu mgongoni.

"Nishikie nafasi," aliniambia. "Nakuja sasa hivi."

Kicheko chake nilikisikia akiwa amekwisha pita nyumba za mwisho. Sijui alikuwa anacheka na nani.

Jua lilipinda. Tulimjazia bidoni yake kile kilichopatikana. Saa ya askari kufunga njia ilipokaribia niliibeba mpaka kwake, nikampa mtoto wake, Sikitu, aliyekuwa bado anabadilisha meno.

"Mama iko wapi?"

"Anakuja."

Kesho yake niliirudisha bidoni kwenye jiwe. Na kesho yake tena. Halafu wanawake waliojitosa kwenda kutafuta mihogo walirudi na kikapu. Walikikuta kando ya njia, kwenye kivuli. Kilikuwa kimejaa miche ya miwale, mizizi imefungwa kwa magome ya mgomba na matope, na matope yalikuwa hayajakauka. Sikilizeni vizuri. Kikapu hakikuwa kimeanguka. Kilikuwa kimewekwa. Mtu alikitua taratibu, akakisogeza mahali ambapo jua halitakifikia, kama mtu anayejua atarudi kukichukua. Mwili hatukuuona. Nguo hatukuiona. Hicho kikapu tu.

Ndiyo maana sikuweza kusema amekufa. Wengine walisema. Mimi niliwauliza, aliyekufa anatafutia mzigo wake kivuli?

Tuliipanda ile miche kuzunguka jicho la maji. Mama Veronika ndiye aliyechimba mashimo, hakutaka kusaidiwa, na binti yake alishika miche moja moja akimpa. Tukakubaliana hivi: bidoni ya Zaina itabaki ya kwanza kwenye mlolongo, na maji yake, yakiwa mengi yakiwa kidogo, yatamwagiwa miche yake mpaka mwenyewe arudi. Watu walikuwa na kiu na bado walikubali. Mtoto analia, mama yake anamwaga maji chini ya mche. Msiichukulie miwale ile kama miti.

Sikitu alichukuliwa na shangazi yake. Walikwenda kwa miguu mpaka Obokote. Nilimwambia mama akirudi nitamwelekeza huko.

Vita vikaisha, jinsi vinavyoisha, leo huku kesho kule. Miche mingine ilikufa, tukapanda mingine. Tukachimba mitaro ile ya mvua. Misimu ilipita, miwale ikaanza kutugusa mabega, ikatupita vichwa, ikashikana juu. Asubuhi moja nilifika kabla ya watu, nikaona kitu kinatembea upande kwenye mawe. Kaa, mdogo kama ukucha. Nilikaa chini nikalia, na wanawake waliokuja nyuma wakafikiri nimepata habari ya msiba.

Maji yalipoanza kutoka ya kutosha, bidoni ya Zaina tuliendelea kuiweka. Ilipasuka, tukaleta nyingine, tukahamisha kitambaa chekundu. Kitambaa kikaoza, nikafunga kingine chekundu. Gunzi mnalijua. Miwale haikuhitaji tena, basi maji yake yakawa ya wagonjwa na ya wazee wasioweza kuteremka. Nilifikiri ni jambo zuri. Ninyi mmekuwa mkiikuta hapo, mkafundishwa: ile ni ya Mama Zaina, anakuja.

Furaha, ambaye sasa ndiye mkubwa wenu pale Chini, aliwahi kuniuliza kiangazi kilichopita. Mlolongo ulikuwa mrefu, wanamotari nao wanataka kuosha pikipiki zao, kila mtu amekasirika.

"Bibi, huyu mama wa kwanza, yeye anachota kwa ajili ya nani? Bidoni yake iko na umri kuliko mimi."

"Na heshima kuliko wewe," nilimjibu. Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini aliona nilivyomwangalia, hakuuliza tena.

Mwaka huu, kiangazi hiki hiki, Sikitu amekuja. Anakaa Lubutu, anauza mchele, ana watoto, na mkubwa wao ni msichana wa umri ule aliokuwa nao yeye alipoondoka. Nilipomwona mlangoni nilisimama bila fimbo. Ana kicheko cha mama yake, lakini anakitumia kidogo. Alikula, akapumzika, akateremka Chini na yule binti yake. Walirudi mapema. Akakaa hapa kwenye mkeka, mahali alipokaa huyu mjukuu sasa.

"Mama mudogo, nimefika kule."

"Umeona miwale ya mama yako?"

"Nimeona. Ni mizuri. Nimeona na bidoni."

Mimi nikaanza kumweleza kwa furaha, kitambaa, gunzi, maji ya wagonjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu yule. Kisha akasema:

"Nilikuja kumusomea mama hitima. Sijamusomea bado. Kila mwaka nasema mwaka huu. Shangazi alikuwa akiniambia ngoja kidogo, Mwamini kule Kindu bado anamushikia nafasi, labda anajua kitu. Nikangoja. Shangazi naye akafa. Watoto wangu wakiniuliza bibi yetu iko wapi, nawaambia alikufa vita. Leo mama mmoja kwenye mulolongo amemuonyesha huyu mutoto bidoni, amemwambia njo ya bibi yako, anakuja. Mutoto ameniuliza njiani: Mama, sasa nani anasema uongo, wewe ao ule mama?"

Sombe ilikuwa mkononi mwangu. Niliendelea kuichambua kwa sababu sikujua mikono niipeleke wapi.

"Ulimujibu nini?"

"Nimemwambia tumuulize Bibi Mwamini."

Wajukuu, mimi nilijua kulinda maji. Nilijua jicho, udongo, kaa, kivuli. Nilijua kwamba maji yasiyopewa njia yanatokea pembeni, kwenye matope, mahali ambapo hayafai kitu. Lakini sikujua kwamba yule mtoto niliyempa bidoni jioni ile nikamwambia anakuja, nilimweka kwenye mlolongo nyuma ya mama yake, na tangu siku ile amesimama pale, zamu haifiki.

Nikamwita yule mdogo. Alikuja akapiga magoti. Nikamwambia, "Mama yako anasema kweli. Bibi yako alikufa. Alikufa akituletea miti." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema. Sikuanguka, hata nilishangaa.

Hitima ilisomwa Ijumaa, hapa uani. Asubuhi yake nilisema lazima niifikie bidoni mwenyewe. Wakaniletea motari. Nilimshika yule kijana kiunoni mpaka akasema, "Bibi, nipatie hata pumzi moja," na hata hivyo aliweza kunifikisha juu ya mteremko tu. Kutoka pale naona jiwe. Furaha alikuwa amesimama kando yake. Wanawake waliijaza bidoni kwa mara ya mwisho, mpaka juu, Furaha akaileta mpaka miguuni pangu. Nikaweka mkono kwenye mpini.

"Yaya," nilisema, "nafasi yako niliishika. Sasa naiachia."

Yale maji ndiyo wasomaji waliyotawadhia. Yaliyobaki Sikitu aliyateremsha akayamwaga chini ya miwale. Kitambaa chekundu alikifungua mwenyewe, akamfunga binti yake mkononi. Walipopanda gari kurudi Lubutu nilimsikia akicheka na kondakta juu ya mzigo wake, kicheko kizima, kile cha kupanda mteremko.

Basi haya ndiyo niliyotaka yaandikwe. Lindeni kivuli. Pumzisheni maji. Msiruke bidoni ya mtu asiyekuwepo, sheria hiyo ni nzuri, ibaki. Lakini bidoni yangu mimi, siku mkisikia nimekwenda, iondoeni siku ile ile. Ifungueni alama, mpeni mwenye haja. Mtoto wangu asikae akingoja. Andika hivyo hivyo, usipunguze.

*

Sikupunguza. Nilipomsomea, Bibi aliniambia nitoe ile habari ya jembe na brashi, nikamwambia imeandikwa tayari kwa wino.

Leo asubuhi nimeteremka Chini na bidoni mbili, yangu na yake. Mvua bado haijaja na mlolongo ulikuwa umefika kwenye kona ya mteremko. Jiwe la mbele lilikuwa tupu. Tangu hitima hakuna aliyeweka kitu pale, na hakuna aliyesema kisiwekwe. Niliziweka bidoni zangu mwisho, nyuma ya watu wote.

Dada Furaha aliniona. Alikuja, akachukua ile ya Bibi kwa mpini, akaenda nayo mpaka mbele, akaiweka juu ya jiwe.

Nilitaka kumwambia kwamba Bibi amekataza, kwamba nimeandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Mdomo ukafungwa.

Mama mmoja mgeni aliuliza, "Ile ni ya nani?"

"Ya mulinzi," Furaha alisema. "Anakuja."

Niliporudi na ile ya Bibi imejaa, yangu nikiwa nimeiacha mlolongoni, Bibi alikuwa kwenye mkeka. Nilimmiminia kikombe. Aliangalia jua mahali lilipo, akaniangalia mimi.

"Leo umewahi."

"Mlolongo ulikuwa mfupi, Bibi."

Alishika kikombe kwa mikono miwili, muda mrefu. Kisha akanywa yote.